Vijana wa mita, mita mbili zikikubaliana msifunge ripoti

Wadogo zangu mnaoanza kazi upande wa mauziano ya umeme, nimeona tena ripoti ya mwezi imeandikwa "mita kuu na mita ya uhakiki zinakubaliana, hakuna tatizo" (kuu ni ya malipo, ya uhakiki ni ya kulinganishia), basi, mtu kafunga laptop kaenda zake. Nawapenda ndo maana nasema kwa ukali.

1. Anza na mkataba, sio mita. Umeme unakabidhiwa wapi, upande wa volteji ya juu wa transfoma au wa chini? Kama mkataba unasema juu na mita ziko chini, lazima hesabu ya upotevu iwepo, na upotevu ni wa aina mbili, ule wa chuma upo saa 24 hata msipozalisha kitu, ule wa shaba unapanda kwa mraba wa karenti. Kukata asilimia ileile kila mwezi kwa sababu ndivyo ulivyokuta wenzako wanafanya, hapana.

2. Kizidishio, namba ya kuzidishia usomaji wa mita. CT (transfoma ndogo inayoshusha karenti kwa ajili ya mita) ya 400/1 na VT (inayoshusha volteji) ya 33,000/110 ni 400 mara 300, yaani 120,000. Ila kama mita imepangwa kuonyesha thamani halisi za laini, kabla ya CT na VT kushusha, imeshazidisha yenyewe, usirudie.

3. Hapa mkae vizuri. Kuna mtambo ambao fyuzi ya VT iliungua fezi moja tu. Mita ya elementi tatu, yaani inayopima kila fezi peke yake, ikikosa volteji ya fezi moja, na mzigo uko sawa pande zote, inasoma kama theluthi mbili ya umeme uliopita, theluthi nzima imeenda bure. Sasa mita ya uhakiki ilikuwa inakula VT ileile, kwa hiyo nayo ikapungukiwa vilevile, kila mwezi mnalinganisha, tofauti haifiki hata asilimia 0.1, kila mtu anasaini. Na kwenye skrini ya mita pale chini kuna alama tatu, L1 L2 L3, ya L2 ilikuwa haipo! Watu walikuwa wanapiga picha ya kWh na alama iko kwenye picha hiyohiyo.

Kilichouma zaidi kilikuja baadaye. Mita ilikuwa inahifadhi nishati tu kila nusu saa, hakuna aliyeipanga ihifadhi volteji na karenti za kila fezi, kwa hiyo siku ya fyuzi kuungua haikuweza kuthibitishwa. Na mkataba ulisema, kama mingi inavyosema, kosa likiwa halijulikani lilianza lini, marekebisho yanarudi nusu ya muda tangu mita ilipopimwa usahihi mara ya mwisho. Mzalishaji akaleta data za mfumo wake wa uendeshaji, mnunuzi akauliza kifungu gani kinazitambua, hakikuwepo. Umeme ulitoka, ulitumika, na sehemu kubwa haikulipwa. Kwa hiyo volteji kwa kila fezi iingie kwenye profaili, ile kumbukumbu ya mita ya kila nusu saa, na dai mita ya uhakiki iwe na CT na VT zake, na kama haiwezekani basi walau koili zake na fyuzi zake.

4. Saa ya mita. Ikipotea dakika chache, nishati inaangukia kipindi kingine, na bei ikiwa inabadilika kwa saa mtagombana.

5. Daraja la usahihi 0.2S sio urembo, ile S inaifanya mita iahidi usahihi hata karenti ikishuka hadi asilimia 1 ya kiwango chake, na mtambo wa jua alfajiri unafanya kazi hukohuko chini.

6. Waya za CT usizifungue mzigo ukiwa unapita, ziunganishe shoti kwanza, la sivyo utaua mtu.

7. Siku ya kupima mita, sili zikatwe mzalishaji na mnunuzi wote wakiwepo. Andika namba za sili, usomaji wa kabla na wa baada, pamoja na saa mita ilipotolewa na iliporudi, maana wakati mnapima umeme haukusimama kuwasubiri, na ule uliopita bila mita nao unadaiwa.