Naomba kazi za kimataifa, siitwi usaili

SWALI: Nina shahada ya rasilimali watu na miaka 3 ya kuajiri watumishi. Nimeomba nafasi za P-2 (ngazi ya chini ya wataalamu wa kimataifa) kwenye Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa mara nne, kimya. Nakosea wapi?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Hesabu ndiyo inayokuangusha. Kwa kawaida P-2 inataka shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka 2. Mwenye shahada ya kwanza huongezewa miaka 2, jumla 4. Kwa miaka 3 unachujwa kabla barua yako haijasomwa. Tazama pia nafasi za NO (maofisa wa kitaifa), ambazo ni za raia wa nchi husika tu.

Kisha fomu. “Nilishughulikia ajira” haimwambii mchujaji kitu. Andika hivi: “Nilichuja maombi 340 ya nafasi 12, nikaandaa maswali na jedwali la alama, nikaongoza usaili siku 9.” Tarehe ziwe na mwezi na mwaka.

Ukiitwa, eleza hali, ulichofanya, matokeo. Sema “nilifanya”, wengi wetu husema “tulifanya” kwa adabu, na jopo linabaki bila cha kukupa alama.

Na anayedai hela ya fomu ni tapeli. Umoja wa Mataifa hautozi ada hatua yoyote ya ajira.