Andika Hata Sifuri
Ukiingia hifadhini kama mwanabiolojia wa wanyamapori, utadhani kazi yako ni wanyama. Kazi yako ni daftari. Wanyama utawaona, mara nyingi kwa mbali, wamekupa mgongo.

Kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya, nami nililifanya: unatembea mstari wa kuhesabia wanyama, kilomita 5, huoni kitu, unarudi kambini bila kuandika lolote. Sasa nani atajua kama ulitembea usione au hukwenda kabisa? Andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, hali ya hewa, urefu wa nyasi, kisha sifuri. Urefu wa nyasi usiudharau. Mvua zikinyesha nyasi hupanda, swala hujificha humo, na hesabu yako hushuka ilhali hakuna hata mmoja aliyekufa. Linganisha kiangazi na kiangazi. Umbali wa mnyama kutoka kwenye mstari nao upime kwa kifaa, kwa sababu ndio unaotuonyesha tunawakosa wangapi kadiri wanavyokuwa mbali. Ukikisia, utashangaa kila swala amesimama mita 50 au 100.

Kamera za kutegesha zina vituko vyake. Hujiwasha zinapohisi joto linalosogea, kwa hiyo ukiielekeza mashariki, jua la asubuhi na nyasi zinazoyumba vitakujazia kadi. Fyeka mbele yake, ielekeze kaskazini au kusini. Na kagua saa! Niliwahi kufunga kamera 12 nikasahau kuziwekea saa. Nilipokusanya picha, chui alikuwa akitembea gizani totoro saa sita mchana. Siku hizi picha ya kwanza ya kila kamera ni mimi mwenyewe, nimeshika karatasi yenye tarehe, saa na namba ya kamera. Sura si nzuri, lakini saa ikikosea naweza kuirekebisha.

Fuatana na askari wa doria, na akikwambia unyayo ni wa chui, muulize amejuaje. Si kumpima, ndiyo shule yenyewe. Atakuonyesha kwamba chui hutembea kucha zikiwa ndani, fisi huziacha zichore ardhi, na duma, ingawa ni jamii ya paka, naye huchora.

Siku ya kumvisha mnyama kola, ule mkanda wa shingoni wa kumfuatilia anakokwenda, kila mtu hutaka kupigwa picha. Siku hiyo ni ya daktari. Wewe hesabu pumzi, pima joto, nyamaza. Baadhi ya dawa za kulaza tembo na faru zinaweza kumuua mtu kwa tone tu, kwa hiyo ukiambiwa usisogee, usisogee.

Jioni, hata ukichoka vipi, ingiza data kwenye kompyuta kabla hujalala. Mwandiko wa kwenye gari linaloruka mashimo, kesho hutausoma hata wewe.