Maswali ya Wasomaji: Harusi Moja, Mila Mbili

SWALI: Shikamooni. Mchumba wangu ni Mhindu, sisi kwetu ni Wachina wa Kantoni. Tunataka mila zote mbili siku moja, ila tunaogopa muda hautatosha. Tuanzie wapi?
Bibi harusi mtarajiwa

JIBU: Marahaba, mwanetu. Anzia kwa panditi, kasisi wa Kihindu. Yeye ndiye atakayewapa muhurta, yaani saa ya heri ya kufunga ndoa, na katika siku nzima hiyo ndiyo saa isiyosogezwa. Wengi hulipia ukumbi kwanza, halafu muhurta ikaangukia katikati ya chai ya wazee, ile mila yenu ya Kichina ya maharusi kuwanywesha wazee chai.

Chai yenyewe ihesabuni kwa jozi za wazee. Kila jozi huchukua kama dakika 3: mnapiga magoti, mnatoa kikombe kwa mikono miwili, wanakunywa, wanawapa bahasha nyekundu au dhahabu. Jozi 12 ni dakika 36, na vikombe bado havijaoshwa. Jazeni nusu tu ili mzee amalize kwa mafunda mawili. Kunazi nyekundu na mbegu za yungiyungi zisikosekane, kwani kwa Kichina matamshi yake yanakaribiana na maneno ya kuwaombea watoto mapema na kwa mfululizo. Kuhusu nani atangulie, wazazi au babu na bibi, kila familia ina yake. Waulizeni wazee wiki kadhaa kabla, kisha mtu mmoja ashike orodha na kuita majina. Wakwe wa Kihindu nao wanyweshwe. Kuwaacha wakitazama tu kunaumiza.

Baada ya chai wekeni saa nzima ya kubadili mavazi. Sari ni kitambaa cha mita 5 na zaidi, na kuikunja, kuibana kwa pini na kurekebisha nywele hakuharakishwi.

Jambo linaloharibika mara nyingi ni hina. Rangi yake hukolea kwa siku moja hadi mbili, kwa hiyo ikipakwa usiku wa kuamkia harusi itatoka ya chungwa. Isitoshe, usiku huohuo kwenu kuna kuoga maji ya majani ya balungi na kuchanwa nywele mara nne, na maji huizuia hina changa isikolee. Ipakwe jioni mbili kabla, ikae saa 6 hadi 8, kisha ikwanguliwe bila kuoshwa.

SWALI: Mwenye ukumbi amekataa moto ndani. Je, mishumaa itatosha?

JIBU: Msikubali haraka. Katika ndoa ya Kihindu moto ndiye shahidi, na humiminiwa samli. Mshumaa haupokei samli. Mara nyingi mwenye ukumbi anachoogopa ni moshi na king'ora. Mpelekeeni mpango: chungu cha chuma juu ya matofali na sinia la mchanga, vipande vidogo vya kuni kavu kabisa, kafuri ya kuwashia, samli kijiko kimoja kimoja, kizima-moto na mtu wa kukishika. Kuni mbichi na samli nyingi kwa mpigo ndizo zinazofukiza. King'ora kizimwe na mwenye ukumbi mwenyewe, kisifunikwe kwa mfuko. Acheni mita moja na nusu pande zote, kwani maharusi huuzunguka moto, na shali inayowaunganisha ifungwe fupi isiburutike. Akishikilia msimamo wake, fanyeni uani.

SWALI: Wageni wanauliza watie kiasi gani kwenye bahasha.

JIBU: Hapa mila zinagongana kweli. Wahindi huongeza moja juu: 101, 501. Wachina hutaka namba shufwa, huikwepa 4 kwa kuwa hutamkwa karibu sawa na kifo, na fedha za witiri huzihusisha na msiba. Wekeni masanduku mawili, kila upande na lake, na mpokeaji anayejua mila ya upande huo. Bahasha nyeupe zisiwepo kabisa: kwa Wachina ni za msibani, na kwa Wahindi wengi pia nyeupe ni rangi ya maombolezo. Nyekundu inakubalika kote.