Mama yuko mwaloni, mtoto yuko na nani?

Maswali ya safari hii yamegusa jambo moja: watoto ambao bado hawajafika umri wa shule wanashinda na nani, na halmashauri ichangie nini. Nimejibu manne.

Nauza dagaa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Natoka alfajiri, mwanangu wa miaka mitatu namwachia dada yake wa miaka tisa. Fedha za akina mama za halmashauri zinaweza kutupatia kituo cha kulelea watoto mchana? (Mama Dagaa, Kirumba)

Dada yangu, fedha zipo. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Na ushuru wa sokoni ni sehemu ya mapato hayo, kwa hiyo huendi kuomba hisani.

Lakini ni mkopo, utarejeshwa. Wewe unajua siku za mbalamwezi: mitumbwi ya dagaa inalala, na mfuko wa mama nao unalala. Kituo kinachotegemea ada ya akina mama hao kitarejesha nini wiki hiyo? Mkopo ununue magodoro, masufuria, matanki ya maji. Mshahara wa mlezi ndio unaobeba ubora wa kituo, na huo naamini kabisa utoke kwenye bajeti ya kawaida ya halmashauri. Tumeona majengo mazuri yakifungwa kwa kukosa mtu wa kulipwa.

Na huyo binti wa miaka tisa, nakuomba, asikose shule. Hata kabla ya kituo, wenzako watano mnaopanga meza pamoja mnaweza kupokezana zamu.

Diwani anasema bajeti haina kifungu cha malezi ya mchana. (Baba mapacha, Buhongwa)

Mkumbushe kwa heshima kwamba Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayogusa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane: afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kumsikiliza na kumjibu mtoto), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Kifungu kina pa kushikia. Halmashauri pia zilishaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na watu wakazoea kuuliza: zimetengwa? zimetoka? Malezi ya mchana yanahitaji swali la namna hiyo hiyo.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, ila makisio huandaliwa miezi mingi kabla. Ukisubiri Juni umechelewa. Nenda kwenye mkutano wa mtaa mapema, mkiwa na hesabu: watoto wangapi wa chini ya miaka mitano, wangapi wanabaki bila mtu mzima. Hakikisheni hoja imeandikwa kwenye muhtasari, kisha muifuate hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Darasa la awali la shule ya msingi halitoshi? (Bibi, Kayenze)

Halitoshi, bibi. Linampokea mtoto akikaribia kuanza la kwanza. Wa miaka miwili na mitatu anabaki nje, na kwenu nje ni ziwani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza malezi ya mchana kwa watoto wadogo kama njia mojawapo ya kuzuia wasizame. Pwani ya ziwa ingekuwa ya kwanza kupata vituo.

Nalea watoto kumi na wawili sebuleni kwangu, sina usajili. Nikienda ofisini si watanifungia? (Mlezi, Igoma)

Naelewa hofu yako, lakini nenda. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo kiwe na leseni, na bila usajili ni vigumu kituo chako kuingia kwenye fungu la halmashauri. Anza kwa afisa ustawi wa jamii. Muulize nini kirekebishwe na kwa muda gani. Kabla hajaja, funika ndoo zote za maji, jiko la mkaa liwe nyuma ya kizuizi, tafuta msaidizi mmoja, na andika daftari la nani anamleta mtoto na nani anamchukua.