Maswali Yenu: Nuhu, Gilgamesh na safina iliyopakwa lami

SWALI: Habari Mwalimu. Nafundisha sande skuli hapa Kayole, wale wakubwa wa miaka 13 hadi 16. Jumapili iliyopita kijana mmoja akatoa simu akaonyesha wenzake klipu, jamaa anasema stori ya Nuhu imekopiwa kutoka kwa Wababeli, inaitwa Gilgamesh, neno kwa neno, na ati makanisa yanaficha. Nilikosa jibu nikawaambia tuimbe. Wiki nzima sina raha. Ni kweli imekopiwa?
— Mama wa sande skuli, Kayole

JIBU: Pole mama, na usijilaumu kwa kuimba. Kwanza hakuna mtu anaficha kitu, hii habari iko wazi tangu tarehe 3 Desemba 1872, siku George Smith wa Makavazi ya Uingereza alisimama London akasomea watu kibao cha udongo kilichotoka Ninawi, ile Ninawi ya Yona. Huyo Smith alianza maisha akijifunza kuchonga pleti za kuchapia noti, maandishi ya kabari, yale ya alama zilizobonyezwa kwenye udongo, alijifunza mwenyewe. Kibao kilitoka kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal, ambayo Hormuzd Rassam, mwenyeji wa Mosul, aliifukua 1853.

Ni kibao cha 11 kati ya 12 vya utenzi wa Gilgamesh, mfalme shujaa. Gilgamesh amefiwa na rafiki yake Enkidu, kifo kimemtia hofu, anatembea hadi mwisho wa dunia kumtafuta Utnapishtim, mtu aliyeponea gharika, amuulize aliepukaje kufa. Mzee anamsimulia: mungu Ea alinong'onezea ukuta wa matete wa nyumba yangu, bomoa nyumba, jenga chombo. Akajenga, akapaka lami, akaingiza jamaa na wanyama, mvua siku 6 na usiku 7, chombo kikakwama mlimani, akatuma njiwa, kisha mbayuwayu, kisha kunguru. Nuhu naye alituma kunguru na njiwa. Na hiyo lami, fungua Mwanzo 6:14, Kiebrania kinasema *koper*, na Wababeli waliita *kupru*, ni neno moja. Kwa hivyo mama usiwaambie vijana hakuna uhusiano, watakukosea imani bure. Uhusiano upo, na mimi naamini kabisa waandishi wa Israeli waliijua stori hii, maana hata kipande cha utenzi wa Gilgamesh, ingawa si cha gharika, cha karne ya 14 kabla ya Kristo kimeokotwa Megido, ndani ya nchi yenyewe.

Lakini neno kwa neno? Hapana, hapo jamaa wa klipu hajasoma. Chombo cha Utnapishtim ni mraba kila upande, dhiraa 120 kwa 120 kwa 120, cha Nuhu ni 300 kwa 50 kwa 30. Hayo ya vipimo ni madogo. Kubwa ni sababu. Kuna utenzi mwingine wa Wababeli, Atrahasis, nakala moja iliandikwa karibu 1635 kabla ya Kristo, unasema watu walizidi kuwa wengi, kelele zikazidi, mungu Enlil akakosa usingizi, akatuma magonjwa, akatuma ukame, mwisho gharika. Ni kama mwenye ploti anayetoa wapangaji juu watoto wao wanapiga kelele kwa koridoo. Sasa soma Mwanzo 6:11, dunia imejaa dhuluma. Sio kelele, ni dhuluma. Na baada ya maji kuisha, kule Atrahasis miungu inapanga wanawake wengine wawe tasa na watoto wafe wachanga ili watu wasijae tena, huku kwa Nuhu neno la kwanza ni zaeni, mkaongezeke. Mtu anayekopi hageuzi kitu hivyo, huyo anajibu, anamwambia Mbabeli, hapana, Mungu hachoki na watu kwa sababu ni wengi.

Halafu ile sadaka waliyotoa wote wawili maji yalipoisha. Kule kwa Gilgamesh miungu ilikuwa imejikunyata kama mbwa kwa kuogopa maji, ikasikia harufu nzuri ikajaa juu ya mtoa sadaka kama nzi. Mwanzo 8:21 harufu imebaki, BWANA anaisikia, lakini nzi hakuna na njaa hakuna. Mimi nikifika hapo huwa nafunga kitabu kidogo nikae nayo.

Jumapili wasomee zote mbili, na uwaulize nani alifunga mlango. Utnapishtim aliambiwa afunge, na aliyeziba mlango akapewa ikulu yake. Kwa Nuhu, 7:16, BWANA akamfungia.

SWALI: Mwalimu, si kila jamii ina stori ya mafuriko? Hata sisi 2024 tuliona maji yakibeba nyumba Mathare.
— Msomaji, Umoja

JIBU: Jamii nyingi zinazo, ndio, na anayeishi kati ya mito ya Hidekeli na Frati, huko kwa Wababeli, anajua maji kuliko wengi. Ila hizi mbili hazifanani kwa maji tu, zinafanana kwa lami, mlima, ndege na harufu, kwa mpangilio uleule. Hiyo si bahati.

SWALI: Kuna kitu kingine zaidi ya gharika?
— Mwanafunzi, Buruburu

JIBU: Kipo, na ndicho nakipenda zaidi. Katika toleo la zamani la Gilgamesh, mwanamke anayeuza pombe kando ya bahari, Siduri, anamwambia hiyo uhai unayotafuta hutaipata, kula ushibe, vaa nguo safi, osha kichwa, mtazame mtoto anayekushika mkono, mfurahishe mkeo. Sasa shika Mhubiri 9:7-9: kula kwa furaha, mavazi meupe, mafuta kichwani, ishi kwa raha na mke umpendaye. Mpangilio ni uleule, isipokuwa Mhubiri anaongeza kwamba Mungu ameshazikubali kazi zako, na yule mtoto aliyeshika mkono hayupo. Nimeisoma mara nyingi na kila nikifika hapo namtafuta.