Mjane Asiyelia kwa Sauti: Maswali Yenu Kuhusu Wimbo wa Mwisho wa Schumann

Barua nyingi safari hii zinahusu wimbo mmoja wa Kijerumani, "Nun hast du mir den ersten Schmerz getan". Ni wa nane na wa mwisho katika mfululizo wa Robert Schumann uitwao "Frauenliebe und -leben", opus (yaani kazi namba) 42, kwa sauti moja na piano. Mashairi aliyaandika Adelbert von Chamisso mwaka 1830, na Schumann akayatungia muziki Julai 1840. Nyimbo saba za mwanzo zinamfuata mwanamke mmoja tangu anapomwona mwanamume kwa mara ya kwanza, akachumbiwa, akavishwa pete, akaolewa, akashika mimba, akazaa. Katika wa nane mume amekufa.

SWALI: Mwanamke huyu amefiwa na mumewe, lakini badala ya kulia anamgombeza marehemu. Hiyo ni huzuni gani? (Mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili)

Ni huzuni ya saa za mwanzo, kabla machozi hayajapata njia. Anamwambia marehemu: sasa umenitia uchungu wa kwanza, na huo umenipata barabara. Kisha anamwita mwanamume mgumu, asiye na huruma, aliyelala usingizi wa mauti. Amekaa na mume huyu nyimbo saba nzima bila kulalamika hata mara moja, na lalamiko la kwanza analitoa kwa mtu asiyeweza kujibu.

Angalia anasema na nani. Ubeti wa kwanza anamsemesha mume. Ubeti wa pili unafungua kana kwamba anamtazama mtu mwingine kwa mbali: aliyeachwa anaangalia mbele yake, dunia ni tupu. Ndipo anarudi kwenye nafsi yake na kusema kwamba amependa, ameishi, na sasa hayuko hai tena. Ubeti wa tatu anajiondokea taratibu kuingia ndani ya moyo wake, pazia linashuka, na huko ndani anampata tena mume pamoja na furaha aliyoipoteza. Maneno ya mwisho anamwambia yeye: wewe, dunia yangu.

Wenye mazoea ya kuhesabu mizani watapata faida kubwa hapa. Beti ni tatu, kila ubeti mishororo minne, na mishororo inapokezana mizani 10 na 4 bila kukosea. "Nun hast du mir den ersten Schmerz getan" ni 10, "der aber traf" ni 4. Shairi zima ni mizani 84 tu. Mshororo mrefu unaanza kueleza jambo, mfupi unalikata. Vina navyo vinapokezana, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Schumann aliuheshimu mpango huo isipokuwa mahali pamoja: pale shairi linaposema dunia ni tupu, "die Welt ist leer", yeye aliongeza "ist leer" mara ya pili. Mwimbaji anayeirudia kwa nguvu zaidi, kana kwamba anasisitiza hoja mbele ya baraza, ameiharibu. Irudie kama mtu aliyejisikia akitamka jambo na sasa ndiyo kwanza analielewa.

Kwa upande wa muziki, wimbo wa saba uko katika D meja, ni wa haraka, mama anacheza na mtoto kifuani. Wa nane unaanza kwa akordi nzito (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya D maina. Shina la akordi, yaani noti yake ya msingi, halijahama. Kilichobadilika ni noti moja ya kati, F-shapu iliyoshuka nusu hatua ikawa F. Wasomaji wa solfa: do-mi-so imegeuka la-do-mi juu ya shina lilelile. Hakuna wimbo wala mpito wa kumwandaa msikilizaji, na shairi halisemi mume aliugua nini wala alikufa lini. Ndiyo maana hatushauri kusimama kwa muda mrefu kati ya wimbo wa saba na wa nane. Pumzi mbili zinatosha. Ukikaa zaidi, watu wanajiandaa, na pigo linakosa makali.

Baada ya akordi hiyo, piano haina kazi nyingi: inashika akordi ndefu na kusubiri. Sauti inakaa kwenye noti chache zinazokaribiana, karibu na mtu anayesema. Waimbaji wengi hapa hutafuta mahali pa kuonyesha sauti yao. Hapapo. Anayeingiza kwikwi au mtetemo mzito wa sauti anafanya kazi ambayo wimbo umekataa kuifanya.

SWALI: Kwa nini piano inaendelea kupiga peke yake baada ya mwimbaji kumaliza? Mara ya kwanza nilidhani mpiga piano amekosea. (Msikilizaji)

Sehemu hiyo ndiyo kiini cha kazi yote, na usipoielewa umekosa nusu ya wimbo.

Sauti haimalizi nyumbani. Inaachwa kwenye akordi ya A meja, akordi ya tano ya D maina, ambayo kwa masikio yaliyozoea muziki huu inadai irudi kwenye D. Hairudi. Piano inateleza hadi B-flati meja, ufunguo wa wimbo wa kwanza kabisa, na mapigo yanageuka kutoka manne kuwa matatu. Kisha inapigwa sehemu ya piano ya ubeti mmoja wa wimbo ule wa kwanza, "Seit ich ihn gesehen", ambamo binti alisema kwamba tangu amwone huyo bwana anahisi amekuwa kipofu. Pazia limeshuka, mjane ameingia ndani, na kumbukumbu aliyo nayo huko ni hiyo.

Sasa tazama jambo dogo ambalo wengi hupitwa nalo. Katika wimbo wa kwanza piano kwa sehemu kubwa inakwenda sambamba na sauti, kidole cha juu kikipiga noti zilezile anazoimba binti. Lakini karibu na kilele cha ubeti, pale sura ya mpenzi inapochomoza gizani iking'aa zaidi na zaidi, sauti inaachana na piano na kupanda peke yake. Piano inabaki na akordi za chini. Mwishoni mwa mfululizo hakuna anayeimba, kwa hiyo kilele hakipo. Zinasikika akordi zilizokuwa zikikibeba, na msikilizaji aliyekuwa makini tangu mwanzo anajaza pengo kwa kumbukumbu yake mwenyewe. Kwa muda mfupi anafanya kilekile anachofanya mjane.

Mpiga piano, usijaribiwe kuongeza noti zinazokosekana. Tumewasikia wanaofanya hivyo kwa nia njema, wakidhani wanamsaidia msikilizaji. Wanaziba tundu ambalo mtunzi aliliacha kwa makusudi.

Kosa la pili ni mwendo. Nakala inaagiza mwendo uleule wa wimbo wa kwanza, "Tempo wie das erste Lied". Wengi hupiga mwisho huu polepole mno kwa kuwa mume amekufa. Kumbukumbu hii ni ya siku ya furaha, na inauma kwa sababu haijabadilika. Fanyeni hivi kwenye mazoezi: imbeni ubeti wa kwanza wa wimbo wa kwanza, halafu bila kupumzika mpiga piano apige mwisho wa wimbo wa nane. Visipolingana, mmoja wenu amevuta. Kama huo wa kwanza wenyewe mliuburuta, rekebisheni huko. Na pedali ibadilishwe kila akordi inapobadilika, maana kumbukumbu hii haina ukungu.

SWALI: Je, Schumann alikuwa amefiwa alipoutunga? (Mwanafunzi wa muziki)

Hapana. Julai 1840 alikuwa bado hajaoa. Friedrich Wieck, baba wa mchumba wake Clara, alipinga ndoa hadi shauri likafika mahakamani. Schumann na Clara walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1840 huko Schönefeld, karibu na Leipzig, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Chamisso naye alipoandika mashairi, mkewe Antonie alikuwa hai. Mkewe alifariki 1837, na mshairi mwenyewe akafuata 1838.

Aliyekuja kuujua ujane ni Clara. Robert alifariki tarehe 29 Julai 1856 huko Endenich, na Clara akaishi hadi 1896. Watu hupenda kuusikiliza wimbo huu kama utabiri. Sisi hatuoni faida yake, muziki unajitosheleza.

SWALI: Matamshi ya Kijerumani yananishinda, hasa "Schmerz" na "schläfst". Nifanyeje? (Soprano anayejifunza)

Tatizo la msemaji wa Kiswahili ni kwamba tumezoea kila silabi ifunge kwa irabu, kwa hiyo ulimi unachomeka irabu ndogo ndogo katikati ya konsonanti, na mizani 10 inakuwa 14 bila mwimbaji kujua. Dawa ni kugawa kazi: irabu ichukue muda wote wa noti, konsonanti za mwisho zidondoke pamoja mwishoni kabisa. "Schläfst" iimbwe "shleee" hadi noti ikaribie kuisha, kisha "fst" kwa mkupuo mmoja. "Schmerz" ni "shm", irabu "e" iliyo wazi, "r" fupi, halafu "ts". Herufi "z" ya Kijerumani ni "ts" kila mara, hata katika "zurück" na "unbarmherz'ger".

"W" ni "v": "Welt" tamka "velt". Katika "ich", "mich", "dich" na "nicht", sauti ya "ch" haiwi "k" wala "sh". Nong'ona neno "hii" kwa nguvu, usikie hewa inavyopita juu ya ulimi. Hewa hiyo ndiyo unayoitaka. Kwa "ü" ya "zurück", weka ulimi wa "i", kisha viringa midomo kama wa "u" bila kuusogeza ulimi.

Kuhusu pumzi, mahali pa hatari ni ubeti wa pili: "ich bin / nicht lebend mehr". Mshororo wa shairi unakatika baada ya "bin" lakini maana haikatiki. Ukipumua hapo utakuwa umetangaza kwamba upo, kisha ukajisahihisha. Pumua kabla ya "ich bin", yaani baada ya "gelebt", na uende moja kwa moja hadi "mehr". Ubeti wa tatu uimbwe kwa sauti ndogo, lakini yenye mwili. Ukitoa hewa tupu, "Welt" ya mwisho haitafika safu ya pili ya viti.

SWALI: Huyu mwanamke hana maisha nje ya mume? Mbona ananiudhi! (Msomaji wa kike)

Hauko peke yako, na lawama yako ina msingi. Mwanaume aliandika, mwanaume akatunga, mwanamke akapewa maneno. Lakini ujue kwamba shairi la Chamisso haliishii hapo. Lina sehemu ya tisa, "Traum der eignen Tage", ambamo mwanamke huyuhuyu, sasa bibi mwenye mvi, anamsemesha mjukuu wake anayekaribia kuolewa na kumpa baraka. Mshairi alimwacha aishi miaka mingi baada ya msiba. Schumann ndiye aliyeikata sehemu hiyo. Kimuziki tunadhani alifanya vyema, kwani ule mwisho wa piano usingewezekana. Kwa mwanamke mwenyewe, alimnyang'anya uzee wake.

SWALI: Tunataka kuuimba kwenye ibada ya kumbukumbu, wimbo huu mmoja tu, na tuushushe ufunguo. Inafaa? (Kiongozi wa kwaya)

Kwanza, maneno hayamtaji Mungu wala ufufuo, wala hayana faraja. Mweleze anayeongoza ibada mapema.

Pili, usiimbwe peke yake. Mwisho wa piano unarejea wimbo ambao watu hawajausikia, kwa hiyo watasikia nyongeza isiyo na sababu. Mfululizo mzima huchukua dakika 20 hadi 25. Kama hamna muda huo, imbeni wa kwanza, wa saba na wa nane kwa mpangilio huo.

Tatu, mkishusha, shusheni zote kwa kiasi kilekile. Wa nane ukitoka D maina kwenda C maina, wa kwanza lazima utoke B-flati kwenda A-flati, na wa saba D meja kwenda C meja. Mkishuka hadi B maina, wa kwanza unakuwa G na wa saba B meja. Kosa la kawaida ni kuokota nakala kutoka vitabu viwili tofauti, huu wa sauti ya juu na ule wa sauti ya chini. Hapo wimbo wa kwanza unaimbwa katika ufunguo mmoja na kurejewa katika mwingine.

Mwisho, makofi. Sauti ikinyamaza, wasiojua watadhani mmemaliza. Mwimbaji asifunge nakala, asiinamishe kichwa, asimgeukie mpiga piano. Abaki alivyokuwa hadi mikono ya mpiga piano itoke kwenye vibao na pedali iachiwe. Kama mna karatasi ya programu, andikeni humo kwamba piano inaendelea baada ya sauti.