Sola ya shamba la soba: anzeni na pampu

Dada, poleni na kazi. Nimekuelewa hivi: shamba lenu la soba (nyumba ya kupona uraibu) liko Magu, vijana wanaojinasua na dawa za kulevya wanaishi na kulima hapo, pampu ya petroli inameza fedha ya mboga, na barua za kuomba sola ya shamba zima hazijajibiwa.

Sisi huku Sengerema tulikwama hivyohivyo. Kilichotufungulia njia ni kuacha kuomba "mradi wa nishati", tukaomba pampu tu. Kusanyeni risiti za petroli za miezi sita. Mchangiaji akiona fedha inavyoungua anaelewa haraka kuliko picha za vijana, na picha hizo nawasihi msizisambaze. Hao ni watu wanaopona.

Pampu ya wati 750 ikifanya kazi saa 5 inakula karibu yuniti 4 za umeme kwa siku. Inavuta jua mchana na kujaza simtanki, betri haihitajiki, gharama inashuka sana. Taa na friji ya kutunzia dawa za matibabu ziwe awamu ya pili.

Kabla ya yote angalieni kibali cha kutumia maji cha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Sisi mfadhili mmoja aliturudisha nyumbani kwa kukikosa. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, vikundi vya vijana vinaupata, ila unarejeshwa, kwa hiyo pigeni kwanza hesabu ya mchicha na nyanya. Tangi na mabomba tulivipata kwa harambee, kanisani na msikitini.

Wafadhili wa nje sijawahi kufanya nao kazi. Mwenye uzoefu huo amsaidie dada hapa.